Chapa ya futi nane: bao la MDF, wino wa mizabibu na rola ya barabara

Chapa yoyote, iwe muhuri wa serikali ya mtaa au picha iliyochongwa kwenye mbao, imekaa juu ya mafiga matatu: bao, yaani kile kinachobeba picha na kupakwa wino, wino wenyewe, na mgandamizo. Ukirefusha figa moja, chungu kinainama. Wengi wanaojaribu chapa kubwa kwa mara ya kwanza hukwama hapo. Wanachukua walichozoea kwenye bao la ukubwa wa karatasi ya A4, wanakikuza mara 48, kisha wanashangaa kwa nini wino uleule na mikono ileile imetoa picha yenye mabaka kama ukuta uliopigwa chokaa koti moja.

Mwongozo huu ni wa chapa ya mita 1.22 kwa 2.44, yaani bodi nzima ya MDF (ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ya futi 4 kwa 8, juu ya kitambaa cha marekani. Wino mweusi unatoka kwenye makaa ya mizabibu, na chini yake inapita alama ya tairi la bodaboda kwa rangi ya udongo mwekundu. Umeandikwa kwa hali ya Dodoma: hewa kavu, vumbi, jua lisilo na mchezo, na rola za barabara ambazo si kitu adimu tangu mji uanze kuzungushiwa barabara ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3. Usiye na rola utachapa kwa miguu ya watu, na njia hiyo ina sehemu yake hapa chini.

Mambo ya tairi si mapya. Mwaka 1953 msanii Mmarekani Robert Rauschenberg aligundisha karatasi 20 zikawa ukanda mmoja mrefu, akamwomba mtunzi wa muziki John Cage apitishe gari lake la Ford juu yake, tairi likiwa limelowa rangi. Tairi likawa bao, gari likawa mashine ya kuchapia. Kilichopanuliwa pale ni jibu la swali la kitu gani kinaweza kuitwa bao, na tangu hapo mlango haujafungwa.

Hesabu ya mgandamizo

Kabla hujanunua bodi, piga hesabu. Bao la futi 4 kwa 8 lina eneo la sentimita za mraba 29,700 hivi. Ulifunike, ulipangie magunia 100 ya kilo 100, tani 10 nzima, na kila sentimita ya mraba itapata kama gramu 340 tu. Hapo wino utagusa kitambaa bila kukiingia. Mtu wa kilo 65 akisimama kwa kisigino kimoja, chenye eneo la sentimita za mraba 30, anakandamiza zaidi ya kilo 2 kwa sentimita ya mraba. Rola ya barabara yenye tani 6 kwenye gurudumu lake la chuma, ikipita juu ya bao lenye upana wa sentimita 122 na kugusa ukanda wa sentimita 10 kwa wakati mmoja, inatoa karibu kilo 5.

Uzito peke yake hauchapi. Unachapa ukikusanywa mahali padogo na kuhamishwa hatua kwa hatua. Ndiyo maana miguu ya watu wanane inaweza kazi ambayo magunia mia hayaiwezi, na ndiyo maana hapa hatutazungumzia kabisa habari ya kuegesha lori juu ya bao na kuliacha usiku kucha.

Wino: anza mwezi mmoja na nusu kabla

Hii ndiyo sehemu inayochukua muda mrefu kuliko zote, na ndiyo inayoifanya chapa iwe ya Dodoma hata kabla picha haijachongwa. Weusi wa makaa ya mizabibu ni rangi ya kale sana katika uchoraji. Una mwelekeo wa bluu kwa mbali ukipakwa mwembamba, na haupauki kwa jua. Mashamba ya Hombolo, Mpunguzi na Makutupora yanapogoa mizabibu, na matawi yaliyokatwa mara nyingi huishia kuwa kuni au kuchomwa pembeni ya shamba. Omba mzigo mmoja wa kichwa, kama kilo 10 za matawi mabichi.

Kata vipande vya sentimita 10, vianike kivulini wiki tatu hadi nne mpaka vivunjike kwa sauti. Jaza kopo la bati lenye mfuniko unaobana, lile la maziwa ya unga la kilo 2 linafaa, ukivisimamisha vipande vikiwa vimebanana. Toboa mfuniko tundu moja kwa msumari wa inchi 2. Weka kopo katikati ya moto wa mkaa. Moshi mweupe utatoka tunduni, kisha moshi wa njano unaoshika moto, kisha hakuna kitu. Moshi ukikoma, toa kopo, ziba tundu kwa udongo mbichi, liache hadi kesho yake. Hapa ndipo watu wanapoharibu kazi: ukifungua kopo la moto ili uone, hewa inaingia, makaa yanawaka tena, na kufika jioni una jivu la kijivu. Jivu halichapi. Ukisubiri, utapata makaa ya karibu robo ya uzito wa matawi makavu.

Twanga kwenye kinu ambacho hakitarudi jikoni. Funga kitambaa mdomoni na puani, kwa maana unga huu ni mwepesi kuliko unga wa muhogo. Chekecha kwa kitambaa cha nailoni, tia unga kwenye ndoo ya maji, koroga, acha utulie usiku mzima, mwaga maji ya juu. Rudia mara tatu. Maji yanaondoa chumvi za magadi zilizobaki kwenye makaa. Zikiachwa, zinafanya wino uwe na tabia ya kunyonya unyevu na kuchelewa kukauka. Anika tope juu ya karatasi, kisha twanga tena.

Sasa mafuta. Nunua lita 1 ya linsidi ghafi, yaani mafuta ya mbegu za kitani, isiwe ile iliyochemshwa. Imwage kwenye trei ya kioo au ya enameli kwa kina cha sentimita 1, ifunike kwa kioo kilichoinuliwa kwa vifuniko vinne vya chupa ya soda ili hewa iingie na vumbi libaki nje. Iweke juani, ikoroge kila asubuhi ili isitande ngozi. Kwa jua la Juni hadi Septemba, wiki tatu hadi nne zinatosha mafuta kuwa mazito kama asali ya msimu wa kiangazi. Mafuta yaliyozitishwa kwa jua hukauka haraka kuliko ghafi, na hayatambai kwenye nyuzi za kitambaa.

Kila mara atatokea mtu wa kuuliza: kwa nini tusitumie mafuta ya alizeti, na Dodoma na Singida zimejaa alizeti? Kwa sababu mafuta ya alizeti yanakauka nusunusu. Kinachofanya mafuta ya kitani yagande ni aina ya asidi ya mafuta ambayo alizeti karibu haina kabisa. Chapa ya alizeti itakuwa inanata mwaka mzima na itakusanya vumbi lote la Nkuhungu. Lakini usiyatupe, yatafanya kazi ya kusafishia.

Kwa nakala tatu na moja ya majaribio utahitaji kama gramu 800 za wino. Bao likiwa jipya linameza gramu 250 hadi 300 kwa nakala ya kwanza, zinazofuata gramu 120 hadi 150 kila moja, na kiasi kingine kinabaki kwenye rola za mkono na kioo. Kusaga gramu 800 kwa mkono ni kazi ya siku mbili. Njia ya kati, ambayo haina aibu yoyote, ni kununua kopo la kilo 1 la wino mweusi wa ofseti kutoka kwa wenye mitambo ya uchapaji, na kuchanganya nusu kwa nusu na wa kwako. Ule wa ofseti peke yake ni laini mno kwa kitambaa. Makaa ya mizabibu yanaupa mwili.

Kusaga: kwenye kioo kinene cha milimita 10, weka gramu 100 za unga mweusi, fanya shimo katikati kama la kukandia ngano, mimina gramu 70 za mafuta mazito. Changanya kwa skrepa ya kupigia putii hadi uwe uji mkavu, halafu saga kidogo kidogo, kama gramu 50 kwa mara moja, kwa jiwe laini lenye kitako bapa, dakika 20 hadi 30, ukichora nane nane. Mwanzoni wino unakwaruza kama mchanga. Ukishakuwa tayari unateleza kimya. Kama ni mwepesi, ongeza chaki ya unga kwa kijiko cha chai.

Chaki, si chokaa. Chokaa ya kupakia nyumba ni kali, na ikikutana na mafuta inayageuza sabuni; wino unakuwa kama ugali uliolala na hauokoleki.

Kipimo cha wino uliokamilika ni sauti. Upake kwenye kioo kwa rola ya mkono: unatakiwa kusikia mlio mdogo, kama kitunguu kinachoanza kukaangwa chumba cha pili. Mlio ukiwa wa kunata kwa nguvu, wino ni mwingi au ni mzito. Kukiwa hakuna mlio, ni mwembamba. Asubuhi za Juni na Julai Dodoma ina baridi ya kutosha kuufanya wino ugome. Weka kopo kwenye karai la maji ya uvuguvugu nusu saa. Oktoba ni kinyume chake: wino unalainika na kujaza mistari myembamba, kwa hiyo ongeza chaki.

Rangi nyekundu inahitaji gramu 150 tu. Udongo mwekundu ukivurugwa kwenye ndoo, ukaachwa dakika moja mchanga utuame, na maji yenye rangi yakahamishiwa ndoo ya pili, unatoa unga laini baada ya siku mbili. Asiye na subira atanunua ile rangi nyekundu ya unga ya kusakafia. Ni oksidi ya chuma ileile. Rangi ya jamii hiyo imedumu kwenye michoro ya miambani ya Kolo kule Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, kwa hiyo kuhusu kupauka usiwe na wasiwasi.

Bao

Chukua MDF ya milimita 18. Ya milimita 12 inapinda ikibebwa, na ya 18 ina uzito wa kama kilo 40, watu wawili wanaimudu. Plaiwudi inachongeka, ina nyuzi nzuri zinazoonekana kwenye chapa, lakini mstari unaokatiza nyuzi hubanduka ukiwa mwembamba chini ya milimita 5. MDF inashika mstari wa milimita 3 upande wowote. Adui yake ni maji: tone moja likikaa saa nzima linavimbisha uso, na uvimbe huo hauondoki.

Piga vanishi uso na mgongo kabla ya kuchonga, koti mbili, na msasa namba 220 katikati. Bao lisilo na vanishi linakunywa mafuta ya wino na kuacha unga mkavu juu. Nakala mbili za kwanza zinatoka kijivu. Ukipiga uso tu na kuuacha mgongo, bodi itajikunja kama chapati kwenye hewa hii kavu. Vanishi ikikauka, paka wekundu mwembamba uso mzima. Kila utakapochonga patabaki rangi ya mbao, na utaiona picha bila kukisia.

Kuhusu picha yenyewe, shauri moja: kitambaa cha namna hii macho ya watu wetu yatakisoma kama kanga, upende usipende. Unaweza kuutumia mpangilio huo, wa pindo, mji na jina, au kuuvunja kwa makusudi, lakini usijifanye haupo. Jina liandikwe kinyume kwenye bao. Lisome kwenye kioo cha kujitazamia kabla ya kuligusa kwa patasi. Kosa la herufi moja limewahi kula bodi nzima.

Maeneo makubwa yaondoe kwa rauta, ile mashine ya umeme ya kuchimbia mbao, biti ya milimita 6, kina milimita 4. Uwazi wenye upana wa zaidi ya sentimita 5 uende milimita 6, kwa sababu blanketi litakisukuma kitambaa mpaka sakafuni mwa shimo na kuokota wino uliobaki pale. Mistari chonga kwa patasi ya V, kina milimita 2. Kuta za mstari zilale nje kama mteremko. Ukizikata kwa ndani, mstari unabaki umesimama kama ukuta usio na msingi na rola itauvunja. Vumbi la MDF lina gundi yenye kemikali; chonga nje, mgongo ukiwa kwenye upepo, barakoa usoni.

Baadhi ya sehemu huna haja ya kuzichonga. Unaweza kuongeza kitu badala ya kupunguza: nyuzi za ganda la mbuyu, kamba ya mkonge iliyofumuliwa, mchanga wa korongo uliochekechwa, vyote vikibandikwa kwa gundi ya mbao na kupigwa vanishi koti mbili baada ya siku. Mchanga unatoa weusi wa vumbivumbi ambao patasi haiwezi kuutoa. Sharti ni kimo: kisizidi milimita 2 juu ya uso. Kikizidi, kitambaa kinabaki hewani kukizunguka, na utapata duara jeupe ambalo hakuna mgandamizo utakaolijaza.

Kitambaa na tairi

Marekani ya upana wa inchi 60 ndiyo inayotakiwa. Ya inchi 36 haifuniki bao. Kata mita 3.2 kwa kila nakala, mita 13 zinatosha nne. Loweka usiku kucha kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, fua, suuza mpaka maji yasiteleze. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, na wino unakaa juu ya wanga badala ya kushika uzi. Ukikunja chapa baada ya mwezi, unabanduka vipande. Piga pasi kikiwa na unyevunyevu, kisha kiviringishe kwenye bomba la plastiki la inchi 4 lenye urefu wa mita 1.6. Usikikunje tena kuanzia hapo.

Alama ya tairi inatangulia, wiki moja kabla ya bao. Tandaza kitambaa kwenye sakafu ya saruji iliyofagiwa, kibane pembeni kwa mbao. Osha matairi yote mawili ya bodaboda, la mbele lisiwe na doa. Paka wino mwekundu tairi la nyuma kwa rola ya mkono, wakati pikipiki iko kwenye stendi ya katikati na tairi linazungushwa taratibu. Injini izimwe, pikipiki isukumwe na watu wawili, mmoja kwenye usukani na mmoja nyuma. Tairi la saizi 3.00-18 lina mzingo wa mita 1.9 hivi, na kitambaa ni kirefu kuliko hapo, kwa hiyo sehemu ya mwisho itakuwa hafifu kuliko mwanzo. Usijaribu kuirekebisha. Pale ndipo mtazamaji anapoona pikipiki ilikotoka na ilikokwenda. Kosa la kuepuka ni kusimama katikati: tairi likisimama hata sekunde mbili linaacha doa nene lisilofutika.

Siku ya kuchapa

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ifikapo saa tatu upepo unaamka, na kuanzia Agosti hadi Oktoba hauji peke yake, unakuja na uwanja mzima. Jioni ya kuamkia siku hiyo nyunyizia maji ardhi inayozunguka eneo la kazi, lakini siyo pale bao litakapolala.

Mahali pawe pa zege au lami, tambarare. Moramu hapana: bao linazama upande mmoja na kukatika. Kuleta rola kwa lori la kubebea mitambo kunagharimu kuliko kazi nzima, kwa hiyo ni heri ulipeleke bao kwenye saiti rola ilipo, kwa ruhusa ya msimamizi, kabla kazi yao haijaanza. Rola iwe ya gurudumu laini, siyo yenye meno. Ile ya gurudumu moja la chuma mbele na matairi nyuma inafaa: kati ya gurudumu na matairi kuna karibu mita 3, hivyo chuma kinamaliza bao la mita 2.44 kabla matairi hayajalipanda. Gurudumu likwanguliwe udongo na kufutwa kavu, na maji ya kulowesha yafungwe.

Kazi ya kupaka wino iwe na watu wanne, wawili kila upande, kila mmoja na rola yake ya mkono. Rola za dukani za mpira ni ndogo na ghali. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa bomba la inchi 2 lililovikwa kipande cha tyubu ya pikipiki kinachobana, mshono wa tyubu ukiwa umesuguliwa kwa msasa. Rola za sponji za kupakia nyumba zinaacha mapovu, usizitumie. Pakeni makoti membamba matano au sita badala ya mawili manene. Nusu saa inatosha. Inama utazame bao kwa ubavu dhidi ya mwanga: uso wote uwe na mng'ao wa aina moja, kama ngozi iliyopakwa mafuta kidogo. Penye mng'ao wa maji pana wino wa ziada, na pataziba.

Mpangilio kutoka chini: turubai, bao likitazama juu, kitambaa, karatasi za khaki, mablanketi mawili, kapeti moja la nyuzi fupi, na juu kabisa hadibodi ya milimita 3. Magazeti usiyatumie badala ya khaki. Wino wake unahamia nyuma ya kitambaa, na chapa hii itatazamwa pande zote mbili. Kichwani na miguuni mwa bao weka mbao za unene uleule wa milimita 18 na upana wa sentimita 30, ili chuma kipande na kushuka bila kuponda ncha.

Kulaza kitambaa ni kazi ya watu watatu. Wawili wanashika bomba, wa tatu anabana ncha ya kwanza kwa ubao kwenye mbao ya kichwani. Bomba linashushwa huku likifunguka, karibu sana na bao, na wa tatu anafuata kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni. Hakuna kuvuta. Marekani ikivutwa kwa pembe inaongezeka, ikiachiwa inarudi, na kurudi huko kunaburuza wino. Kikishagusa, kimegusa, anayekiinua akirekebishe mkunjo atapata picha mbili.

Zungumza na dereva kabla, si wakati tayari yuko juu ya mtambo. "Kaka, mtetemo uzime kabisa, twende mwendo wa kutembea, usisimame juu, usikate kona." Mtetemo ndio unaoharibu zaidi kuliko chochote: kitambaa kinarukaruka na kila mstari unatoka mara tatu. Jambo la pili ni wimbi. Chuma kikisogea, mablanketi yanajikusanya mbele yake kama shuka, na wimbi likifika katikati linaburuza kitambaa. Hadibodi ya juu inalizuia, mradi ncha ya kichwani imepigiliwa kwenye mbao. Apite kwenda mara moja, arudi nyuma kwa njia ileile, basi. Mara ya tatu haiongezi weusi, inaongeza hatari.

Kama huna rola, kusanya watu wanane wasio na viatu. Ondoa kapeti na hadibodi, bakiza blanketi moja. Waanzie katikati, hatua ndogo zinazopishana nusu unyayo, uzito kwenye kisigino, wakitoka kuelekea kingo. Dakika 30 kamili, na mtu mmoja wa kuangalia kwamba hakuna aliyesokota mguu. Wimbo wa ngoma wenye mapigo ya kulingana unasaidia sana kuliko kuhesabu. Halafu ondoa blanketi, sugua sehemu za mistari midogo kwa mgongo wa mwiko wa mti juu ya karatasi. Inua kona moja baada ya nyingine utazame. Palipofifia, rudisha na kusugua. Kwa miguu weusi unakuwa na mawimbi kidogo. Kwa picha yenye maeneo mapana meusi, mawimbi hayo ni mazuri kuliko weusi wa rola uliolala kama lami. Kwa picha ya mistari, tafuta rola.

Nakala ya kwanza karibu kila mara ni ya kutupa. Isome kabla ya kupaka tena. Ikiwa hafifu yote, bao lilikuwa na kiu, paka na uchape ya pili bila kubadilisha kitu. Ikiwa hafifu katikati tu, ardhi ina bonde. Kunja kipande cha blanketi ukiweke chini ya bao pale. Mistari ikiziba, wino ni laini. Ukiona duara la njano la mafuta linatambaa kuzunguka weusi baada ya saa moja, wino una mafuta mengi kuliko rangi. Ongeza unga mweusi na chaki kabla ya nakala inayofuata.

Kusafisha, kukausha, kutundika

Futa bao na rola kwa mafuta ya alizeti, kisha sabuni kwenye kitambaa kilichokamuliwa. Matambara yenye mafuta ya kitani yasirundikwe kamwe. Yakigandamana kwenye mfuko yanapata joto yenyewe na kuwaka bila kiberiti, saa kadhaa baadaye, mkiwa mmelala. Yatie kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko, au yaanike moja moja kwenye waya hadi yakakamae.

Wino huu haukauki kwa kupoteza maji, unakauka kwa kushika hewa, kwa hiyo joto la nje halisaidii kama unavyodhani, na vumbi litakuwa limenata kabla hujafika. Tundika ndani ya chumba chenye madirisha na chandarua, siku 10 hadi 14. Makaa huchelewesha ukaukaji, usishangae wekundu ukitangulia. Kandamiza kidole kwenye pindo, siyo katikati.

Usiiwekee fremu. Kazi yote hii imefanywa ili chapa isimame hewani na mwanga upite ndani yake, weusi wa mbele ukionekana kama kivuli upande wa nyuma na njia ya tairi ikikatiza chini yake. Juu shona mfuko wa sentimita 8 upitishe mwanzi. Chini shona wa sentimita 4, tia nondo ya milimita 10 yenye urefu wa mita 1.3, ina gramu 800 hivi, uzito unaonyoosha kitambaa bila kukivuta. Nondo izungushiwe plastiki kwanza, la sivyo kutu itapenya kwenye pindo masika ya kwanza. Itundike angalau sentimita 40 kutoka ukutani, taa ikiwa nyuma.

Sahihi kwa penseli haishiki kwenye marekani. Tumia kalamu ya wino wa kudumu ya kitambaa, pembeni mwa pindo la chini: namba ya nakala juu ya jumla, jina, mwaka. Kwa kuwa njia ya tairi haitatoka sawa mara mbili, ongeza herufi E.V. mbele ya namba. Ndizo zinazotumiwa na wachapaji kueleza kwamba nakala za toleo hilo zinatofautiana, na zitakuepusha na ubishi wa mnunuzi wa 2/3 aliyeona 1/3 kwa jirani.